Chini ya Theluji, Serikali Nyingi

Asubuhi mawingu yanapoinuka, mkazi wa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, anaweza kuiona theluji huku amesimama kwenye shamba lake la kakao. Iko juu kabisa, upande wa kilele cha Margherita, mita 5,109 kutoka usawa wa bahari, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita huko huko juu. Ikweta nayo iko jirani, inapita kusini kidogo mwa mji wa Butembo. Mwanamfalme wa Abruzzi, Mwitaliano, alipanda milima hii ya Ruwenzori mwaka 1906 na kuichorea ramani. Tangu siku hizo barafu yake imekuwa ikipungua, na mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kwamba barafu iliyobaki Afrika, ikiwemo ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, itakuwa imetoweka kufikia 2050.

Katika sura hii barafu inanifaa kwa jambo moja tu, kulinganisha. Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kutoka Longyearbyen, mji wake mkuu, hadi Oslo ni takriban kilomita 2,000. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa miezi. Atokaye nje ya mji anatakiwa awe na njia ya kujikinga na dubu, na wengi hubeba bunduki. Mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920 unawaruhusu raia wa nchi zilizousaini kuishi na kuchimba madini huko, ndiyo maana kuna mji wa Warusi wachimba makaa, Barentsburg. Hata hivyo sheria ni ya Norway, na gavana ni mmoja. Mtu akiibiwa anajua mlango wa kubisha.

Kutoka Kinshasa hadi mji wa Beni, jirani na Butembo, kwa mwendo wa ndege, hazifiki kilomita 1,700. Kwa kipimo hicho Beni iko karibu na mji mkuu wake kuliko Longyearbyen ilivyo karibu na wake. Butembo na Beni kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja. Longyearbyen haina hata elfu tatu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mashariki mwa Kongo kumeharibika kwa sababu ni mbali na serikali, namwomba anieleze ni umbali gani anaousema.

Na serikali zenyewe ziko, tele. Lifuate lori linalotoka Kasindi mpakani na shehena iliyoshushwa Mombasa. Pale mpakani kuna DGDA ya forodha, OCC ya ukaguzi wa bidhaa, OGEFREM ya mizigo, DGM ya uhamiaji, na kila mmoja ana meza, mhuri na risiti yake. Barabarani kuna FONER ya matengenezo ya barabara. Kisha zinaanza barieri zisizo na herufi: kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, kijana ameketi juu ya jerikani, bunduki imeegemezwa ukutani. Dereva hazimi injini. Utingo anashuka na noti zilizokunjwa mkononi, wanasalimiana kwa majina, kamba inalegea. Ukishuka kusini kuelekea Lubero, utawakuta wenye silaha wanaouza jetoni, karatasi inayoonyesha kwamba mwenye shamba au mwenye pikipiki amekwisha kulipa mwezi huu. Mwananchi wa huku hukatwa kodi nyingi kuliko wengi wa Kinshasa. Asichokipata ni mtu wa kumuuliza zimekwenda wapi.

Butembo ilianza kujizoeza maisha hayo zamani, kabla ya vita. Wanande, ambao ng'ambo ya mpaka huitwa Wakonzo, walikuwa wakulima wa milimani, na wafanyabiashara wao walianza na mboga, maharage na kahawa. Wakati dola ya Mobutu ilipokuwa ikichakaa, walivuka hadi Kampala na Mombasa, baadaye Dubai, Hong Kong na Guangzhou, wakarudi na makontena ya vitenge, pikipiki na mabati. Barabara zilipokatika hawakuona anayekuja kuzitengeneza. Walichangishana. Walijenga uwanja wa ndege wa Rughenda, wakaunda kampuni ya umeme iliyoitwa SENOKI, na mwaka 1989 Kanisa Katoliki likaanzisha Chuo Kikuu cha Graben.

Nyuma ya mengi ya hayo alikuwapo Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997. Kwake yeye barabara na shule zilikuwa kazi ya kanisa sawasawa na misa. Alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu, na mwaka uliofuata mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na barua yake ya Krismasi ya mwaka 1999 ikawasema wazi wazi. Februari 2000 wakamfukuza Bukavu na kumrudisha kwa nguvu Butembo, wakidhani wamemfungia mbali. Walichokifanya ni kumrudisha nyumbani, katikati ya watu wake. Aliruhusiwa kurejea Bukavu Septemba mwaka huo, na tarehe 4 Oktoba akafariki dunia Roma.

Wakati huo Beni na Butembo zilikuwa mikononi mwa tawi jingine la waasi, RCD-ML ya Mbusa Nyamwisi, na Uganda ndiyo iliyokuwa nyuma yake. Waasi walihitaji fedha, wafanyabiashara walihitaji mpaka ulio wazi. Wakapatana: mfanyabiashara mkubwa anawakopesha watawala fedha mapema, na deni linakatwa kwenye ushuru wa makontena yake yatakapofika Kasindi. Waasi walipata mishahara ya askari wao, nao matajiri wa Butembo wakawa, kwa njia ya pembeni, ndio wanaopanga ushuru. Mji ukajengeka wakati sehemu nyingine za Kongo zinateketea. Baada ya mkataba wa amani Mbusa aliingia serikalini Kinshasa, akawa waziri wa mambo ya nje, akagombea urais mwaka 2011, na mwaka 2023 akateuliwa waziri wa ushirikiano wa kikanda. Kongo haiwatupi watu wake.

Watafiti wa kigeni waliupenda sana mfano huu wa Butembo, mji uliojitawala bila serikali. Mimi nina wasiwasi nao kidogo. Aliyeketi kwenye meza ya mapatano alikuwa mwenye makontena. Mama anayeuza sambaza sokoni hakuwapo, wala mkulima wa Kyondo. Tena mpango wa kumlipa mwenye bunduki kabla hajadai unafaa pale mwenye bunduki anapotaka fedha. Ukikutana na anayetaka kitu kingine, huna la kumpa.

Mtu wa namna hiyo alikuwa tayari yuko mlimani. ADF, kundi la waasi, ilianzishwa na Waganda waliokuwa wakipigana na Rais Museveni, na kuanzia mwaka 1995 ilikuwa ikijificha kwenye miteremko ya Ruwenzori upande wa Kongo, ikishirikiana na wapiganaji wa NALU waliokuwa na asili ya mlima huo huo. Kwa miaka mingi haikuwa janga kwa wenyeji. Wapiganaji wake walilima, waliuza mbao, walioa, walifanya biashara Beni na Oicha. Kiongozi wao, Jamil Mukulu, aliongoza kwa mbali, na alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Aliyeshika nafasi yake, Musa Baluku, aliliingiza kundi hilo chini ya bendera ya Dola la Kiislamu, ambalo mwaka 2019 lilianza kujitangazia mashambulizi ya Beni kuwa ni yake.

Mambo yaligeuka mwaka 2014. Tarehe 2 Januari Kanali Mamadou Ndala, shujaa wa vita vya kuwatimua waasi wa M23 karibu na Goma, aliviziwa na kuuawa karibu na Beni, na Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo ofisa wa jeshi lilelile kwa mauaji hayo. Operesheni ya jeshi dhidi ya ADF, Sukola I, ilianza hivyo hivyo, na Aprili ikaiteka kambi kuu ya ADF, Madina. Mkuu wa operesheni, Jenerali Bahuma, alifariki Agosti. Mwezi Oktoba, wakati waasi wakihesabiwa kuwa wamekwisha, mauaji ya raia yakaanza, usiku, kwa mapanga na shoka, katika vitongoji vya Beni na barabara ya Oicha hadi Eringeti. Agosti 2016 yakaingia Rwangoma, ndani ya mji wenyewe.

Nani anaua? Swali hili liliisumbua Beni kwa miaka, na lingali linaisumbua. Machi 2016 Kikundi cha Utafiti wa Kongo cha Chuo Kikuu cha New York kilitoa ripoti iliyosema kwamba jina la ADF linafunika mengi: watu wa mitandao ya zamani ya RCD-ML, wanamgambo wa kienyeji, hata askari wa serikali. Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyechukua nafasi ya Bahuma, aliwekewa vikwazo na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Februari 2018 kwa tuhuma za kuhusika na mauaji hayo. Fikiria wewe ni mkulima wa Mbau. Umeona watu wenye silaha wakipita msituni jioni. Ukienda kuwaripoti, unamripoti nani kwa nani?

Msomaji wa Tanzania ana sehemu yake katika habari hii. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, liliunda kikosi cha kuingilia kati, chenye ruhusa ya kushambulia, cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania kwenye daraja la mto Semuliki, njia ya Mbau hadi Kamango, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Watanzania 15 walikufa na makumi walijeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja huo. Uchunguzi uliofuata ulilaumu ADF, lakini pia ulikuta kasoro za mafunzo na za uongozi, na kwamba hapakuwa na mpango wa kuwaokoa walioshambuliwa. Mahali hapo si mbali na uwanja wa ndege wa Mavivi. Vikosi vyenye helikopta, magari ya deraya na fedha ambazo Kongo haijawahi kuziona navyo vilikuta kwamba kufika Semuliki ni shida.

Gereza la Kangbayi, ndani ya mji wa Beni, lilivunjwa mara mbili: Juni 2017 walitoroka zaidi ya 900, na Oktoba 2020 zaidi ya 1,300. Kati ya matukio hayo mawili jeshi lilitangaza operesheni kubwa, Oktoba 2019, na waasi wakalipiza kwa kuua raia. Novemba 2019 vijana wa Beni walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, huko Boikene. Watu waliozoea kuitisha siku za mji kufa, maduka yamefungwa na wamotari wameegesha, sasa walikuwa wamechoka kususa.

Katikati ya hayo ilikuja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikaingia Beni, kisha Katwa na Butembo, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Safari hii chanjo ilikuwepo na ilifanya kazi. Kilichokosekana ni imani. Kwa miaka minne watu walikuwa wakichinjwa na hakuna aliyekuja. Mara unakuja ugonjwa mmoja, na misururu ya magari ya kukodi inajaa mjini. Wengi waliiita biashara ya Ebola. Nisingewacheka. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa, na tarehe 19 Aprili Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, katika kikao cha kazi.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni moja, katika eneo lililojulikana kwa kuunga mkono upinzani, walikuwa wamechaguliwa kutochagua. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, mikutano ya kampeni ilikuwa imefanyika. Ugonjwa ulionekana kwenye sanduku la kura peke yake. Siku moja baada ya tangazo la CENI waandamanaji walivamia kituo cha Ebola Beni.

Kisha wakafanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko maandamano yale. Jumapili tarehe 30 Desemba, Kongo nyingine ilipokuwa ikipiga kura, watu wa Beni waliendesha uchaguzi wao. Walipanga mstari, maelfu. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji ya kunawa mikono, kama ilivyotakiwa kwenye kila mlango wa mji enzi hizo za Ebola. Kura ziliandikwa kwenye karatasi, zikatumbukizwa sandukuni, zikahesabiwa hadharani. Hakuna aliyezitambua. Lakini hoja ya kwamba watu hawawezi kupiga kura bila kuambukizana ilijibiwa hapo hapo, na waliojibu ni wenye kuishi na ugonjwa wenyewe.

Rais huyo mpya, Félix Tshisekedi, alijaribu njia nyingine. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi: gavana ni mwanajeshi, mameya ni polisi, kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Iliwekwa kwa siku 30, ikawa inaongezwa na kuongezwa bungeni hadi ikazoeleka. Mauaji hayakukoma. Januari 2021, kabla yake, waliouawa Mwenda chini ya mlima walihesabiwa kwa makumi. Januari 2023, ndani yake, bomu lililipuka kanisani Kasindi wakati wa ibada ya Jumapili.

Tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu kulipuka Kampala, jeshi la Uganda lilivuka mpaka kwa makubaliano na Kinshasa, katika operesheni dhidi ya ADF iliyoitwa Shujaa. Miezi michache kabla, Museveni na Tshisekedi walikuwa wamezindua ujenzi wa barabara za lami, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ya Beni hadi Butembo, kilomita 54, chini ya kampuni ya Uganda, Dott Services. Februari 2022, askari hao wakiwa tayari Beni, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya 1998 hadi 2003. Mdaiwa yuko sebuleni kwa mwaliko, na amekuja na katapila. Wenyeji wengi hawaoni ajabu. Wamefanya biashara na Uganda chini ya kila utawala, na barabara nzuri ni nzuri bila kujali nani ameilaza lami.

Huko Mutwanga anayewasha taa ni hifadhi ya wanyama. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilijenga mtambo mdogo wa umeme kwenye maji yanayoshuka kutoka mlimani, ukaanza kazi 2013, na mtambo mkubwa zaidi ukafuata. Umeme huo umeleta kiwanda cha sabuni ya mawese na kingine cha chokoleti, mahali ambapo kakao ilikuwa ikitoka mbichi kwenda Uganda, nyingine kwa njia za panya. Vijana wamepata ajira. Wakati huohuo mbuga ile ile ina walinzi wenye bunduki na mipaka ambayo wakulima wanaigombania. Imekuwa mtoa umeme, mwajiri na polisi kwa pamoja, na mkurugenzi wake hapigiwi kura na mtu wa Mutwanga. Kama ningekuwa na duka pale ningefurahia taa, na bado ningetaka kujua nikikatiwa nimshitaki wapi.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Meja Jenerali Peter Cirimwami, alikuwa ameuawa siku chache kabla karibu na uwanja wa mapambano, na Rais akamteua Meja Jenerali Évariste Somo Kakule. Makao ya mkoa yakahamia Beni. Wakurugenzi waliokuwa wakiitawala Beni kutoka Goma sasa wanatafuta nyumba za kupanga Beni, na mwananchi aliyekuwa akisafiri siku mbili kutafuta sahihi anaweza kwenda kwa mguu. Askari wa Uganda nao walishuka hadi Butembo na Lubero, M23 ikiwa kusini yao na ADF ikiendelea kuua magharibi.

Kuwa karibu na ofisi hakujawapa wakazi uwezo wa kumwondoa aliyemo. Kwa sheria ya Kongo wananchi huchagua madiwani wa manispaa, hao huchagua madiwani wa mji, na madiwani wa mji humchagua meya. Tangu katiba ya mwaka 2006 mameya wa Butembo na Beni wameteuliwa kutoka Kinshasa, wa kiraia kwanza, wa polisi baadaye. Uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023, wa kwanza chini ya katiba hiyo, ulifanyika kwenye makao makuu ya mikoa tu. Beni wakati ule haikuwa makao makuu.